Matairi, rimu na nati: hatua ninazozifuata kabla ya gari kutoka Moshi

Jumamosi moja mpwa wangu alinipigia simu akiwa njia panda ya KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, katikati ya safari yake ya kwenda Arusha. "Shikamoo mjomba," alisema, "gurudumu la mbele kushoto linagonga, na nikikanyaga breki usukani unatetemeka." Ilituchukua muda wa saa tano kuipata sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kidole gumba. Jioni ile aliniomba nimwandikie kila ninachokifanya ninapokagua na kufunga magurudumu, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka mingi hapa Moshi. Mifano mingi nimeitoa kwenye Toyota Noah kwa kuwa ndilo gari lake, lakini utaratibu ni ule ule kwa magari mengine madogo.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha gari

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ambayo mlango hufungia. Pale kuna kibandiko kinachotaja ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo. Kwa magari yaliyotoka Japani maandishi huwa ya Kijapani, na wengi hukiacha kwa sababu hiyo, ingawa tarakimu zake zinasomeka na kila mtu. Upepo huandikwa kwa kilopaskali, kwa mfano 220, na mara nyingi pia kwa kilo kwa sentimita ya mraba, yaani 2.2. Kwa kuwa geji za mafundi wetu wa pancha husoma PSI, yaani pauni kwa inchi ya mraba, gawanya kilopaskali kwa 6.9: 220 ni takribani PSI 32, na 240 ni takribani PSI 35.

Usichanganye kiwango hicho na namba kubwa zaidi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kama 44 au 51. Hiyo ni mpaka ambao tairi halipaswi kuuvuka. Nimekuta magari mengi yamejazwa hadi namba hiyo, na matokeo yake ni tairi linaloruka kwenye kila jiwe na kuisha katikati huku pembeni likiwa bado jipya.

Hatua ya 2: Pima upepo tairi likiwa baridi

Pima asubuhi, gari likiwa limesimama angalau saa tatu. Ukipima baada ya mwendo mrefu utaona PSI kadhaa za ziada zilizoletwa na joto, na ukizipunguza wakati huo utalala na tairi lenye upepo pungufu. Upepo pungufu ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu ubavu wa tairi hujikunja na kujinyoosha kila mzunguko, hupata joto, nyuzi za ndani huachana na mpira, na tairi hupasuka likiwa kwenye mwendo mkali, pengine siku nyingi baada ya kosa lenyewe.

Nunua geji yako mwenyewe. Geji zinazoning'inia vibandani zimeangushwa mara nyingi mno, na mbili zilizo barabara moja huweza kutofautiana kwa PSI 4 au 5. Mimi hupendelea ya saa yenye mshale, na ninaiweka kwenye kisanduku cha gari ikiwa imefungwa kwa kitambaa.

Kwa wanaopanda kutoka Dar es Salaam kuna jambo la kufahamu. Arusha iko kwenye mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo tairi lile lile litasoma takribani PSI 2 zaidi kuliko pwani. Kwa upande mwingine, kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10 za selsiasi, tairi hupoteza PSI 1.5 hadi 2, na asubuhi za Juni na Julai huku ni za baridi kali. Mabadiliko hayo mawili yanaweza kufutana au yasifutane. Pima asubuhi ya kwanza baada ya kufika, kisha rekebisha kulingana na kibandiko.

Hatua ya 3: Soma ubavu wa tairi

Katika 195/65R15 91H, 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, R ni muundo wa nyuzi za ndani, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 inamaanisha tairi moja linabeba kilo 615, na herufi H inamaanisha mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Namba ya uzito ndiyo ninayoisisitiza kwa wanaobeba abiria na mizigo ya soko: 88 hubeba kilo 560 tu, na tairi la namba hiyo linaweza kuingia kwenye rimu ya Noah bila fundi kusema neno.

Umri wa tairi uko kwenye tarakimu nne za mwisho za maandishi yanayoanza na DOT. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kupewa hata kazi ya spea. Tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, hivyo ukizikosa nje, ingia chini ya gari utazame upande wa ndani. Mimi siwashauri watu kununua tairi la mtumba hata likiwa na kashata nzuri, yaani michoro ya mpira inayokanyaga barabara, kwa sababu mpira huzeeka hata usipotembea, na hakuna anayejua lilikaa wapi.

Hatua ya 4: Tazama kashata

Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vyenye urefu wa milimita 1.6. Kashata zikifika usawa wa vinundu hivyo, tairi limekwisha. Kwa mvua za masika huku kwetu mimi hubadilisha zikiwa zimebaki milimita 3. Likiisha katikati, upepo ulizidi. Likiisha pembeni kote kuwili, ulipungua. Likiisha upande mmoja, peleka gari likanyooshwe magurudumu kabla ya kununua mapya.

Hatua ya 5: Pancha

Tundu lililo kwenye kashata na lisilozidi milimita 6 linazibika. Tundu la ubavuni halizibiki, na hakuna kiraka kinachobadilisha hilo. Uzi wa mpira unaochomekwa kwa nje hukufikisha nyumbani, lakini kazi ya kudumu ni kulivua tairi kwenye rimu, kulikagua ndani, kisha kubandika kiraka chenye mkia unaojaza tundu. Ukiona unga mweusi umejikusanya ndani ya tairi, lilitembea bila upepo na ubavu umesagika. Liache hapo hapo. Nakataa pia kuwekewa tyubu ndani ya tairi la tyubulesi, maana msuguano kati ya viwili hivyo huleta joto, na tyubu ikipasuka upepo huisha kwa mara moja.

Hatua ya 6: Inua gari

Sehemu tambarare, breki ya mkono, jiwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Legeza nati nusu mzunguko kabla ya kuinua.

Hatua ya 7: Hakikisha nati zinalingana na rimu

Hapa ndipo muda wetu wa saa tano ulipopotelea, na nitaeleza kwa urefu.

Mpwa wangu alikuwa amenunua rimu za spoti zilizotumika. Aliyemfungia alitumia nati zilizokuwa kwenye gari tangu Japani. Nilipofika njia panda ya KIA nilikuta nati tatu kati ya tano zinazunguka kwa vidole. Nilizikaza kwa nguvu, tukatembea kilomita zipatazo kumi, mtetemo ukarudi. Tulifika Usa River tukapima balansi, na ilikuwa sawa. Tukakagua beringi, zilikuwa sawa. Nikakaza tena, na baada ya mwendo mfupi nati mbili zikawa zimelegea. Ndipo nilipoivua rimu kabisa, nikaigeuza kwenye mwanga na kutazama moja moja matundu ya stadi, yaani zile skrubu za gari ambazo nati hufungwa juu yake.

Matundu ya rimu ile yalikuwa na mdomo wa umbo la pia, yaani mpana nje na mwembamba ndani. Nati za asili za rimu za alumini za Toyota zina shingo iliyonyooka inayoingia ndani ya tundu na washa bapa, yaani kipete cha chuma, inayokandamiza uso wa rimu. Washa bapa juu ya mdomo wa pia hugusa ukingo tu. Uso wa pia ulikuwa bado na rangi yake, wakati ukingo ulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, ushahidi kwamba chuma kilikuwa kinasagwa pale kila gurudumu lilipozunguka. Kila nilipokaza, ukingo ulibonyea kidogo, nati ikahisi imekaza, kisha ikalegea barabarani. Ningeweza kukaza mchana kutwa bila kupata nafuu.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga rimu yoyote ambayo haikuja na gari, shika nati mkononi, ingiza kwenye tundu la rimu bila stadi, uizungushe. Ncha ya pia ilale kote kwenye mdomo wa pia bila kuchezacheza. Washa bapa ilale juu ya uso bapa. Honda nyingi hutumia nati zenye ncha ya duara kama gololi, na Volkswagen hutumia bolti zenye umbo hilo. Nati ya pia haifai huko, japo kwa macho zinafanana. Nati ya pia iliyo wazi pande zote mbili huweza pia kufungwa kinyume, upande bapa ukielekea rimu, nami nimeikuta hivyo kwenye daladala iliyojaa abiria. Miongozo ya Toyota huruhusu nati za washa kushika spea ya chuma iliyokuja na gari, lakini ruhusa hiyo haihusu rimu ya dukani.

Tulinunua Arusha nati 20 za pia za milimita 12 zenye hatua ya uzi (nafasi kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.5, ambazo ndizo za Toyota nyingi ndogo, na tukabadilisha stadi mbili ambazo nyuzi zake zilikuwa zimeliwa. Hesabu mizunguko unapofunga kwa mkono: nati ya kipimo hicho izunguke angalau mara 7 kabla ya kufika kwenye rimu. Ikipungua, stadi ni fupi kwa rimu hiyo.

Jambo la pili lilikuwa tundu la katikati. Habu ya Noah, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, ina kipenyo cha milimita 60, lakini rimu nyingi za dukani hutobolewa kwa upana zaidi ili zikae kwenye magari mengi. Bila pete ya kujaza nafasi hiyo, rimu huning'inia kwenye nati peke yake, ikikaa nje ya katikati. Pima vipenyo viwili, ununue pete inayolingana.

Kisha sugua uso wa habu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya mpaka kutu na udongo viishe, kwa kuwa tabaka la kutu litasagika baadaye na kuacha nafasi. Usipake mafuta wala grisi kwenye nyuzi za stadi. Mafundi wengi hupaka kwa nia njema, lakini uzi wenye mafuta huvutwa zaidi kwa nguvu ile ile ya spana, na stadi hurefuka hadi kukatika.

Kaza kwa kuruka, nati moja kisha iliyo mkabala nayo, kwa awamu tatu, na ya mwisho gari likiwa chini. Kipimo cha Toyota nyingi ndogo ni niutoni mita 103. Spana ya torki, ile inayolia nati ikifikia kipimo ulichoweka, ndiyo chombo ambacho ningekuomba ununue kabla ya redio. Kama huna, fahamu kwamba kwa spana yenye mkono wa sentimita 30, kipimo hicho ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 35 mwishoni mwa mkono. Mtu wa kilo 75 anayesimama juu ya spana hiyo anakaza zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa, na mashine ya upepo isiyopimwa huweza kupita hapo.

Hatua ya 8: Kaza tena

Baada ya kilomita 50 hadi 100, gari likiwa limepoa, pitia nati zote kwa kipimo kile kile. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita zipatazo 80, kwa hiyo anayefunga magurudumu Moshi akaze tena akifika Arusha, kabla ya kuanza safari ya kurudi. Mpwa wangu alifanya hivyo asubuhi iliyofuata, nikiwa nimesimama pembeni. Kwenye nati zote 20 spana ililia bila nati kuzunguka hata robo.