Somo: Kutafuta makazi ya kale milimani kwa leza ya angani

Wengi hudhani kwamba laida, yaani upimaji wa ardhi kwa leza kutoka angani, hufaa msituni tu. Tugunbulak, katika milima ya Uzbekistan, ni malisho ya wazi yaliyo juu ya mita 2,000, lakini vipimo vya droni vilivyochapishwa mwaka 2024 na kundi la wanaakiolojia Michael Frachetti na Farhod Maksudov vilidhihirisha mji wa takriban hekta 120 chini ya nyasi. Vilima vyetu vya Tanzania vinaweza kupimwa vivyo hivyo.

Kwanza, pata kibali cha droni kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kile cha utafiti wa mambo ya kale.

Pili, ruka mwishoni mwa kiangazi, vichaka vikiwa vimepukutisha majani, ili miale mingi ifike chini.

Tatu, tumia programu kutenganisha nukta (mahali miale ilipogonga) za mimea na za ardhi. Hapa pana mtego: ukichuja kwa ukali, ukuta mfupi wa mawe utafutwa pamoja na vichaka. Kisha tengeneza picha ya vivuli ukibadilisha upande wa mwanga, kwa sababu ukuta uliolala sambamba na mwelekeo wa mwanga hautoi kivuli na huweza kupotea kabisa.

Mwisho, nenda kwa miguu ukatafute vigae vya vyungu na mawe ya kusagia, kwani picha haisemi umri.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Picha yangu ya Kondoa ina matuta marefu kando ya mlima. Je, ni ya kale?*

Marahaba. Usiharakishe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ulioanza mwaka 1973, ulichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, nayo hufuata kontua kama matuta ya kale. Tafuta picha za ndege zilizopigwa kabla ya mwaka huo. Tuta lisiloonekana humo huenda ni la mradi.

*Je, laida itaona michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa?*

Hapana. Michoro imo chini ya miamba iliyoinama, na leza hutoka juu.

*Na mahame ya tembe za Wagogo?*

Tembe iliyoporomoka huweza kuacha mwinuko hafifu wa pembe nne, mradi shamba halijalimwa kwa trekta. Plau ikishapita mara kadhaa, hakuna mwinuko wa kupima.