Kutembelea Majabali ya The Baths kwa Mashua ya Matanga

Katika pwani ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Virgin Gorda, kimojawapo cha Visiwa vya Virgin vya Uingereza, majabali ya graniti, mengine yenye kimo cha karibu meta 12, yamerundikana ufukweni na kuegemeana hata yakaacha chini yake mapango, vijia vyembamba na vidimbwi vya maji ya bahari. Mahali hapo panaitwa The Baths, na tangu mwaka 1990 ni hifadhi ya taifa. Karibu kila anayekodi mashua ya matanga katika visiwa hivyo huwa na nia ya kufika hapo. Mwongozo huu unasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: bahari ndiyo inayoamua kama utashuka au hutashuka, kwa hiyo fika mapema ili uwe na muda wa kuitazama kabla hujaivulia viatu.

Kutoka Road Town, mji mkuu ulioko kisiwa cha Tortola, hadi The Baths ni takriban maili 10 za baharini kuelekea mashariki, kupitia mlango wa bahari wa Sir Francis Drake. Umbali huo ni mdogo kwenye ramani, lakini pepo za biashara huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, na mashua ya matanga haiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Utalazimika kwenda joshi, ukigeuza tanga upande huu na upande ule, na safari inaweza kukuchukua saa tatu au zaidi. Anayeondoka Road Town baada ya kifungua kinywa hufika wakati maboya yote, yaani vielea vya kufungia mashua, yamekwisha kushikwa. Mimi hupendelea kulala usiku wa kuamkia siku hiyo katika ghuba ya Manchioneel, kisiwa cha Cooper, ambako hadi The Baths hubaki kama maili 5 tu. Ukitoka hapo saa 12 na nusu asubuhi, utafika mapema, jua likiwa bado halijachoma na vijia vya mapangoni vikiwa bado havijajaa watu. Kwa anayetoka upande wa visiwa vya Virgin vya Marekani, sheria inamtaka apitie kwanza bandari rasmi ya kuingilia, akamilishe taratibu za forodha na uhamiaji, na hadi hapo apeperushe bendera ya njano mlingotini.

Suala la mawimbi ndilo linalowaponza wageni wengi. Kati ya Novemba na Aprili, dhoruba zinazotokea mbali sana, katika Atlantiki ya Kaskazini, hutuma mawimbi marefu ambayo husafiri kwa siku kadhaa kabla ya kufika Karibiani. Mawimbi hayo huzunguka ncha za kisiwa na kuingia hata upande ambao unaonekana umekingwa na upepo. Ndiyo maana unaweza kukuta siku nzuri kabisa, upepo ni mwanana na anga ni jeupe, na bado maji yanapiga majabali kwa nguvu ya kumvunja mtu mbavu. Hewa iliyotulia isikudanganye. Usiku uliotangulia, soma utabiri wa mawimbi na si utabiri wa upepo peke yake. Angalia kimo cha mawimbi, yanatoka upande gani, na sekunde ngapi hupita kati ya wimbi moja na jingine. Wimbi la meta moja linalotoka kaskazini kwa mwachano mrefu lina nguvu kubwa ufukweni kuliko wimbi la kimo hicho hicho lililozaliwa na upepo wa hapo hapo.

Ukishafika, kaa juu ya mashua kwa muda usiopungua dakika kumi huku ukitazama mahali pa kushukia. Mawimbi huja kwa makundi, na kundi kubwa linaweza kufuata baada ya utulivu wa dakika kadhaa, hivyo mtazamo wa nusu dakika haukuambii lolote. Tazama pia bendera iliyopandishwa ufukweni. Ikiwa ni nyekundu, usiogelee na usishuke, hata kama utaona watu wengine wanafanya hivyo.

Ikiwa bahari imekubali, tafuta boya. Usitupe nanga, kwa sababu maboya yamewekwa na taasisi ya hifadhi za taifa ya visiwa hivyo ili minyororo ya nanga isiyaburute na kuyavunja matumbawe yaliyo chini, na mashua inahitaji kibali cha taasisi hiyo ili iyatumie. Kama umekodi chombo, uliza kabla ya kuondoka kama kibali kimo. Rangi ya boya ina maana yake. La rangi ya chungwa ni la wageni wa mchana wasiopiga mbizi, la njano ni la vyombo vya biashara vya wapiga mbizi, jeupe ni la watu binafsi wanaopiga mbizi, na la buluu ni la mashua ndogo za kushukia. Likaribie boya pole pole ukiukabili upepo, na mtu mmoja asimame omoni, yaani mbele ya mashua, akiwa na mti wenye kulabu ili aokote kamba yake. Pitisha kamba yako mwenyewe katika kitanzi cha boya, kisha uifunge pande zote mbili za omo. Kulala hapo usiku hakuruhusiwi.

Mashua ya mpira, ile ndogo ya kushukia, haipandishwi ufukweni. Hufungwa kwenye kamba iliyotandazwa juu ya maji kwa kazi hiyo, na kutoka hapo kila mmoja huogelea hadi mchangani. Umbali ni mfupi, lakini mtu asiye mwogeleaji hodari avae jaketi la kuokolea bila kuona haya. Vitu vyako vitie katika mfuko usiopitisha maji: chupa ya maji ya kunywa, fedha kidogo za kiingilio (sarafu ya visiwa hivi ni dola ya Marekani), na miwani ya kuogelea. Miguuni vaa viatu vya mpira vinavyokaza na kutoa maji. Ndala zitakutoka kwenye wimbi la kwanza.

Njia ya mapangoni huanzia kwenye ufuko wa The Baths na kuelekea kusini hadi Devil's Bay. Mwanzoni utainama kupita chini ya jabali, kisha utajikuta katika chumba kipana ambacho wenyeji na wageni hukiita Cathedral, yaani kanisa kuu, na jina hilo linakistahili. Jua likishapanda, miale yake huingia kwenye nyufa za juu na kuangukia maji ya kidimbwi, na mwanga hucheza juu ya kuta za jiwe. Kaa hapo. Watu wengi hupiga picha moja na kupita, ilhali chumba hiki kinahitaji dakika ambazo macho huchukua kuzoea kiza.

Ukiwa umekaa, yatazame majabali yenyewe kwa makini. Yalianza kama mwamba ulioyeyuka, ukapoa taratibu chini ya ardhi, na ndiyo maana punje zake ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa jicho. Mwamba huo ulipasuka kwa nyufa zilizokatana kama matofali, maji yakapenya humo na kuzila kona kwanza, kwa kuwa kona hushambuliwa kutoka pande kadhaa kwa pamoja. Udongo ulipoondoka, yakabaki mabonge ya mviringo tunayoyaona leo. Kwa hiyo hayakubingirishwa hadi hapo kutoka mlimani, kama wengi wanavyodhani.

Mbele zaidi kuna ngazi za mbao na kamba za kushikilia. Shuka ngazi ukiwa umeielekea, mtu mmoja kwa wakati mmoja. Panapotakiwa kuvuka maji yaliyo wazi kwa bahari, subiri wimbi lirudi ndipo uvuke, na mtoto awe upande wa ndani, mbali na uwazi wa kutokea baharini. Graniti kavu hushika mguu vizuri, ila ile yenye ukoga wa kijani huteleza mno. Usiruke majini kutoka juu ya jabali, kwani maji maangavu hudanganya kuhusu kina chake, na jiwe jingine linaweza kuwa limejificha chini.

Jihadhari pia na mti uitwao manchinili, ule ule ulioipa ghuba ya kisiwa cha Cooper jina lake. Matunda yake hufanana na tufaha dogo la kijani na ni sumu. Utomvu wake huchoma ngozi, na hata matone ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye majani yake yanaweza kukuunguza. Usijikinge mvua wala jua chini ya mti usioujua.

Ukifika Devil's Bay, ogelea kandokando ya majabali, kwa kuwa yanaendelea chini ya maji na samaki hupenda nyufa zake. Usichukue kombe wala tumbawe. Wakati wa kurudi, waliochoka wanaweza kufuata njia ya nchi kavu inayopanda hadi mlango wa hifadhi, kisha washuke tena The Baths kwa njia nyingine ya takriban meta 300.

Siku ambayo bendera ni nyekundu, endesha mashua hadi bandari ya Spanish Town, kilomita chache kaskazini, uiache hapo, kisha upande teksi hadi mlango wa hifadhi. Utayaona majabali kutoka juu, na kama bahari itatulia kesho yake alfajiri, utakuwa karibu.