Kabla hujanunua sensa mpya, chukua bisibisi
Mafundi wenzangu wa viwanda vya mbao hapa Mafinga, kigari cha magogo kikikataa kusimama panapotakiwa, msikimbilie kununua sensa, kile kifaa kinachohisi chuma kikikaribia ili kigari kisimame. Kata umeme wa mota, swichi yake ipige kufuli, ubaki umeme wa kontroli tu, ule unaolisha sensa. Kisha gusisha bisibisi ya chuma usoni pa sensa. Taa yake ndogo ikibadilika, sensa inaona. Basi angalia pengo kati ya uso wa sensa na chuma inachopaswa kukiona: mtikisiko wa msumeno hulegeza nati, sensa inarudi nyuma kidogo, na hizi za duara za milimita 12 nyingi huona chuma ndani ya milimita 2 hadi 4 tu.

Pengo likiwa sawa, nenda kwenye paneli, lile sanduku la umeme ambako waya za sensa zinaishia, upime volti kati ya waya mweusi na wa bluu huku mwenzako akigusisha bisibisi. Volti zisipobadilika, huenda waya umekatikia njiani, mara nyingi pale kebo inapojikunja kila siku. Ganda la nje huwa zima kabisa, ndiyo maana linatudanganya.

Taa isipobadilika, pima kwanza waya wa kahawia na wa bluu kwenye sensa yenyewe. Volti 24 zikiwepo, hapo ibadilishe. Vumbi la mbao haliizuii sensa hii. Linazuia zile za mwanga, hizo zifuteni kila zamu.