Mashine ya majani haichaji na wewe uko mbali: omba namba tatu kabla ya kutuma hela

Masika yakikolea Tanga, majani ya Sahare hayamsubiri mtu. Kama uliipakia kwenye kontena ile mashine kuukuu ya kukalia ili ikate uwanja wa nyumbani, simu ya mwezi wa tano unaijua: "Mwanangu, betri imekufa tena." Mimi nilituma hela ya betri mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na betri zote mbili hazikuwa na kosa.

Fundi wa magari akiitwa, kwanza atatafuta alterneta yenye mkanda, kile kifaa kinachochaji betri ya gari. Haipo. Kwenye injini hizi sumaku zimebandikwa ndani ya gurudumu zito la juu, flaiwili, nazo huzunguka juu ya koili za waya. Koili hutoa umeme wa AC, yaani unaokwenda na kurudi, kisha dayodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) au regyuleta (inayodhibiti volti) huugeuza kuwa DC, wa upande mmoja, wa kuingia kwenye betri. Mweleze fundi hivyo kabla hajafungua bolti hata moja.

Halafu omba namba tatu, kila moja kwa video inayoonyesha kioo cha mita ya kupimia volti.

Ya kwanza ni volti za betri iliyopumzika usiku kucha. Iliyojaa husoma 12.6 au juu kidogo. Ikisoma 12 au chini yake, ipelekwe ikachajiwe kwanza, maana betri tupu huvuruga vipimo vinavyofuata.

Ya pili hupimwa hapo hapo kwenye betri, injini ikiwaka na kishikio cha mafuta kikiwa kwenye alama ya sungura (mwendo wa kasi), si ya kobe. Kati ya 13.5 na 14.5, mfumo unachaji. Ikibaki vile vile au ikishuka, hauchaji. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na inachemsha maji ya betri.

Ya tatu ndiyo mafundi wengi huiruka: AC inayotoka kwenye koili yenyewe. Soketi ya nyaya zinazotoka kwenye koili ichomolewe injini ikiwa imezimwa, mita igeuzwe kwenye AC, kisha injini iwashwe tena mpaka kwenye sungura. Mifumo ya nyaya mbili yenye regyuleta hutoa kama volti 20 hadi 30, kutegemea ukubwa wake. Zikitoka, koili ni nzima. Tatizo liko mbele: regyuleta, fyuzi, swichi ya ufunguo au waya. Kisipotoka kitu, ndipo flaiwili ifunguliwe.

Kazi hii ifanyike nje, moshi usijae bandani. Breki ivutwe, visu visiwe vimeunganishwa, na mzee asivae kikoi kinachopepea karibu na injini. Tena kuna ule mtindo wa kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka ili "kuona kama inachaji". Ukataze kabisa, ndivyo regyuleta nzima zinavyouawa.

Kabla ya kununua chochote, mjue chumvi ya bahari. Regyuleta nyingi hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi, kupitia bati lake lililofungwa kwenye mwili wa injini. Kutu ikiingia katikati, umeme haupiti. Bolti zifunguliwe, pasuguliwe kwa msasa mpaka pang'ae, pafungwe tena. Ethi ya betri nayo ifanyiwe hivyo hivyo.

Kwangu kilichonipoteza ni taa. Ami alisisitiza, "Taa zinawaka kweupe, umeme upo." Sikutaka kumbishia, mtu aliyekulea humwambii fundi wake kakosea. Lakini baadhi ya injini za zamani za Briggs & Stratton zina njia mbili: waya mmoja hupeleka AC moja kwa moja kwenye taa, mwingine, mwekundu, hupita kwenye dayodi kwenda kwenye betri. Taa zinaweza kuwaka vizuri huku betri haipati hata tone. Dalili yake ni kwamba injini ikizimwa, taa nazo zinazimika. Basi nikamwambia, "Shikamoo ami, naomba unipimie ule waya mwekundu tu, niridhike." Dayodi ilikuwa imekufa. Ni kidude kidogo kama kunde, kimejificha ndani ya ala ya waya.

Ukiagiza kipuri, omba picha ya namba zilizogongwa kwenye bati la injini: Model, Type na Code. Jina au rangi ya mashine haitoshi, kwani injini ileile hufungwa kwenye mashine za kampuni tofauti. Betri inunuliwe Tanga. Usihangaike nayo kwenye ndege.

Dayodi yangu ilisafiri ndani ya soksi ya shemeji aliyekwenda likizo. Aliyeiunganisha hakuwa fundi wa magari. Alikuwa fundi redio wa Ngamiani, kwa risasi ya kulehemu na dakika kumi.