Migomba myeupe juu ya lava: kuipa picha sura ya infraredi

Tazama mgomba wa Goma, mashariki mwa Kongo, saa sita mchana. Jicho linaona kijani, lakini jani lile linarudisha kwa wingi mwanga tusiouona, infraredi, unaoanza karibu na nanomita 700, ng'ambo ya wekundu. Filamu ya infraredi hulichora jani jeupe kama pamba, Robert W. Wood alionyesha picha za namna hiyo mwaka 1910. Kamera zetu zina kichujio kinachouzuia mwanga huo, basi tutaiga kwa ordinateri (kompyuta). Na ordinateri haijui jani, inajua kijani tu.

Hatua ya 1 ni kuchagua picha, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Tafuta jua kali, mbingu ya buluu yenye mawingu machache, majani mengi. Goma tuna bahati ya mawe ya lava: yana rangi ya kijivu cheusi, yaani nyekundu, kijani na buluu ndani yake ziko karibu sawa, kwa hiyo hayabadiliki, na mgomba ulioota juu yake unang'aa ajabu. Picha ya siku ya mawingu matupu iache.

Hatua ya 2: katika GIMP, programu ya bure, nakili tabaka (layer), fungua kichanganyio cha chaneli za rangi cha nyeusi na nyeupe (Colors > Desaturate > Mono Mixer). Nyekundu 0, kijani 2, buluu −1. Jumla ibaki 1 ili mawingu yabaki meupe. Kijani kinawasha majani, buluu iliyotolewa inazamisha mbingu. Mishipa ya majani ikipotea, shuka: kijani 1.6, buluu −0.6. Mimi husimama hapo mara nyingi.

Hatua ya 3: nakili tena tabaka, litie ukungu wa Gauss (Gaussian Blur) wa pikseli 20 hivi, weka hali ya skrini (Screen), uzito (opacity) asilimia 30, ili weupe upate mng'ao laini. Hifadhi kabla umeme haujakatika.

Maswali ya wanachama

— Yaya, mbingu yangu imejaa vidoa vya mraba.
Picha iliyopitia WhatsApp imebanwa, na buluu ndiyo huumia zaidi. Ukiitoa, makovu yote yanajitokeza. Omba faili la asili, RAW (faili ghafi la kamera) ikiwezekana.

— Mwalimu, ninapiga harusi. Mwavuli wa kijani umekuwa mweupe, na liputa (kitenge) jekundu la mama limekuwa jeusi tii!
Ndiyo maana ya kuiga. Weka kinyago (mask, kinachoficha sehemu ya tabaka) kwenye tabaka, paka rangi nyeusi juu ya watu na nguo, kisha mahali hapo tumia nyeusi na nyeupe ya kawaida. Usimkabidhi bibi-arusi picha ambayo nguo za mama yake hazitambulikani.

— Na ile aina ya picha ambayo vilima vya kijani hutoka vya waridi?
Hiyo ni Aerochrome ya Kodak, filamu iliyosaidia majeshi kufichua waliojificha kwa rangi ya kijani. Mpiga picha Richard Mosse aliitumia huku Kivu kupiga picha za vita. Acha kichanganyio. Kwenye picha ya rangi, sogeza mzunguko wa rangi (Hue-Saturation): kijani −150, manjano −90. Manjano usiisahau, maana majani mengi yana manjano kuliko unavyodhani. Ngozi ikigeuka waridi, kinyago tena. Mimi ninaitumia kwa mashamba ya maharage ya huku kwetu, asubuhi akina mama wanapopalilia.