Chakula cha siku tano Mlima Kenya, Sirimon hadi Chogoria

Somo hili ni la wanaopanda kwa njia ya Sirimon na kushukia ya Chogoria, wakijibebea begi wenyewe. Wenye wapagazi na mpishi, nyinyi mtapikiwa.

Hatua ya 1: Pima kwa mizani. Gramu 700 hadi 900 za chakula kikavu kwa siku huwatosha wengi, yaani kama kilo nne mgongoni. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga au protini, 4. Ndiyo maana njugu karanga gramu 100 zinakaribia kalori 570, na unga wa mahindi 360 hivi. Maharagwe ya mkebe ni maji na bati. Yaache dukani.

Hatua ya 2: Kila siku na mfuko wake. Ukichanganya vyote, siku ya nne utabaki na majani chai.

Hatua ya 3: Pangia upishi wa kule juu mlimani. Kambi ya Shipton iko mita 4,200 hivi, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 86 tu. Maharagwe makavu yatamaliza gesi na bado yagome kuiva. Beba uji wa wimbi, tambi za haraka na omena uliyokaanga nyumbani mpaka ikakauka. Chapati ziishe mapema, kuanzia Old Moses, kambi ya kwanza.

Hatua ya 4: Usingoje njaa. Kule juu hamu ya kula hupotea wakati mwili unadai zaidi. Njugu na sukari guru zikae mfuko wa koti, utafune kidogo kila saa. Usiku wa kupanda kilele cha Lenana (mita 4,985) wengi hawawezi kutafuna kitu. Uji mwepesi wenye siagi ya karanga hushuka.

MASWALI

Mwalimu, nina kitambi. Si nijinyime hukohuko nipungue?
Utapungua, ndiyo, ila misuli nayo itaondoka, na mwenye njaa baridi humpata haraka. Kitambi kishughulikie nyumbani, miezi kabla ya safari.

Nilishuka kilo tatu, baada ya wiki zikarudi. Kwa nini?
Nyingi zilikuwa maji na akiba ya wanga mwilini. Na nyama choma ya Chogoria je, hukuigusa?

Natumia insulini. Naweza kwenda?
Muulize daktari wako kwanza, dozi huenda zikabadilika. Usiku lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na mwili. Ikiganda usiitumie tena, hata ikiyeyuka ikaonekana safi, kwa hiyo beba ya akiba na umpe mwenzako aitunze.