Kabla hujampeleka hospitali mtoto mwenye majipu yasiyoisha

Majibu ya VVU yakitoka hasi, usiishie hapo. Upo upungufu wa kinga wa kurithi, na hauhusiani na virusi hivyo. Beba kadi ya kliniki. Beba maboksi ya dawa zote alizotumia, hata zile za duka la mtaani.

Uliza upande wa mama kama kuna wajomba waliofariki wadogo kwa vidonda au nimonia. Baadhi ya magonjwa haya mama huyabeba bila kuumwa, yakawaangukia watoto wa kiume. Anayejua ni bibi, na mambo hayo hayaulizwi kwa simu.

Sasa usaha. Sampuli ichukuliwe kabla ya antibiotiki kuanza, isipokuwa mtoto amezidiwa. Mpwa wangu, kule Bahi, alichomwa mwiba mguuni akichunga mbuzi. Kidonda kikagoma kupona, vinundu vikapanda kuelekea gotini. Duka la dawa likatoa amoksilini, zahanati ikapasua, na pamba yenye usaha ikaishia kwenye ndoo. Baadaye hospitali moja ilichukua sampuli, lakini kwenye fomu ikaandika neno moja tu: kidonda. Maabara ikaotesha siku mbili, ikajibu hakuna vimelea. Dada akaanza kusikiliza wanaosema mtoto karogwa.

Daktari mwingine, mjini Dodoma, aliandika fomu ikajaa: majipu ya kujirudia, kinga inatiliwa shaka, msitupe sahani ya kuoteshea vimelea kabla ya wiki tatu. Ikaota Nokadia, bakteria wa udongoni anayekua taratibu. Dawa yake ni Septrini hii hii tunayoijua, ila kwa dozi kubwa na kwa miezi. Damu nayo ikapimwa: seli nyeupe zinameza vimelea, kuviua haziwezi. Ndio ule upungufu wa kinga wa kurithi. Kwa hiyo isome fomu kabla haijaondoka mkononi mwako. Muuguzi akinuna, anune.

Mama akijifungua tena, amweleze daktari kabla kichanga hakijachomwa BCG. Ile ni chanjo ya kifua kikuu yenye bakteria hai, na kwa baadhi ya watoto hawa huleta madhara.

Nyumbani, viatu muda wote. Asifagie zizi, asibebe samadi, asilalie nyasi kavu, na siku ya kupura uwele akae mbali na vumbi. Mkwaruzo uoshwe kwa maji na sabuni saa hiyo hiyo. Homa ikipanda usiku, tafuta usafiri usiku huo huo. Na namba ya bodaboda uwe nayo tangu mchana.